Uzi wa Buluu Ukutani

Mi ni mtu wa ufagio. Kuta za nyumba yetu ya kampuni kule Dilala nilizipangusa kila Jumamosi, na kila Jumamosi tududu twa mifuko tulikuwa tumerudi. Ni nondo mdogo kabisa yule, lakini wengi hawajui kwamba ni nondo; wanajua mfuko wake tu. Akiwa bado funza hujishonea kijifuko bapa, saizi ya mbegu ya boga, wazi pande zote mbili, akawa anakiburuta ukutani, kichwa nje. Ukimziba huku, anageuka ndani kwa ndani na kuchungulia kule. Jeuri sana! Akishiba hujifungia humo humo mpaka atoke na mabawa, kijivu, mfupi kuliko punje ya mchele, na tangu hapo hali tena kitu. Kula kwake kote kumekwisha utotoni. Taa nayo haimvuti kama nondo wengine, anaikimbia akajifiche.

Nimemwona kila nilikoishi katika nchi hii ya shaba. Mfuko anautengeneza kwa kilichopo: kwetu vumbi jekundu, kwa dada yangu kule Mutoshi, karibu na chimbo, vumbi lenye ukijani. Basi Jumamosi moja nikaona mifuko yenye nyuzi za buluu, nikaweka ufagio chini. Buluu imetoka wapi? Vitenge vya pamba mdudu huyu hana haja navyo. Yeye anataka sufu na nywele.

Kitu cha sufu ya buluu tulikuwa nacho kimoja tu, nacho kilikuwa kimechomwa moto. Ndivyo nilivyoambiwa.

Ilikuwa suti ya marehemu baba mkwe. Miaka ile wakubwa wa nchi walikuwa wamepiga marufuku suti na tai, kila mwanamume avae abakosti, koti la kufungwa mpaka shingoni. Mume wangu alikuwa karani, na mwoga, Mungu amhurumie. Akasikia uvumi kwamba vijana wa chama wanapekua nyumba za watu. Akamwambia mama yake, aliyekuwa akiishi nasi, "Mama, ile kositime ya baba uichome." Mama mkwe akaitika, akaenda nyuma ya nyumba, tukaona moshi. Yakaisha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mama mkwe ilikuwa na urefu wa ukuta mmoja. Niliifuata mifuko kwa macho mpaka chumbani kwake, nyuma ya kitanda, penye gunia la mihogo mikavu. Chini ya mihogo palikuwa na kitenge kilichofungwa, na ndani yake suti. Suruali ilikuwa imekwisha, matundu matupu. Koti lilikuwa limeliwa makwapani na kolani, lakini lilikuwa bado koti.

"Siku ile nilichoma gunia bule," mama mkwe akasema. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, tududu tunaikula!"

"Najua. Ndio kintu yake moja tu ilibakia. Siku nitakufa, munizike nayo." Akakaa kitandani akalia. Nilimhurumia.

Dawa ya nondo kila mwanamke anaijua: jua kali, au pasi. Lakini utaanikaje suti kwenye kamba pale Dilala, mchana, na majirani wana macho? Tungengoja, baada ya muda tungezika vifungo. Basi nikawasha makaa, nikajaza pasi, nikafunga madirisha yote. Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua bado haijaanguka, nyumba inachemka. Mama mkwe aliibana ile mifuko kwa kucha, mmoja mmoja, akiitukana kwa Kiluba. Mi nilipitisha pasi juu ya kitambaa chenye maji, mshono kwa mshono, mpaka chini ya kola, kwa maana mayai wanayatia pale pale penye mikunjo. Harufu ya sufu iliyopata moto ikajaa kila chumba.

Mlango hatukuusikia. Mume wangu alikuwa amerudi kula, abakosti imefungwa vizuri. Akaangalia meza. Akamwangalia mama yake.

"Mama. Ulisema uliichoma."

"Nilikudanganya." Akanyanyua koti, akampa. "Shika. Choma weye mwenyewe."

Yoo! Makaa yalikuwa pale pale, yanawaka. Mume wangu akalishika koti la baba yake kwa mikono miwili. Halafu akafungua abakosti, akaiweka kitini, akaliingia lile koti. Lilimkaa sawasawa. Makwapani singileti yake nyeupe ilionekana kupitia matundu.

Mama mkwe akasimama. Akamnyoosha kola. Akamzunguka, akampangusa mabega yote mawili, polepole, vile mke anavyompangusa mume anayetoka kwenda kazini. Akarudi nyuma amtazame vizuri.

"Aya," akasema. "Nimesha kumuona. Sasa unaweza kuichoma."

Jasho lilikuwa linamchuruzika mwanawe mpaka kidevuni. Akafunga vifungo vyote, kimoja baada ya kingine.

"Nichome nini, mama?" akasema. "Mi nasikia baridi."