Magunia ya Kunyamazisha Gari

Mlio wenyewe ulianzia chini ya kiti, pale katikati nilipozoea kukaa, ukapanda kwenye nyayo zangu kabla ya kufika masikioni. Ulikuwa kama wa mtu anayesaga wimbi kwenye jiwe katika nyumba ya jirani, krr, krr, krr, bila haraka na bila kuchoka. Ulikuwa msimu wa kuvuna mahindi, na pikapu ya baba ilinuka mabua makavu, vumbi na petroli, hata nguo zetu za kanisani zikawa na harufu hiyohiyo. Gari lilipoongeza mwendo, mlio nao uliongezeka, na sakafu ikatetemeka hadi nikahisi meno yananiwasha. Lilipoondoka baada ya kusimama, lilijitikisa kwanza kama ng'ombe anayefukuza inzi, ndipo likakubali kwenda. Dada yangu Njeri aliliiga mezani mpaka tukapaliwa na chai kwa kucheka. Mama hakucheka. Alikuwa akimtazama baba.

Tuliishi nje kidogo ya Kitale, kwenye shamba ambalo wazazi wa baba walilipata walipohamia Trans-Nzoia kutoka kwa Wakikuyu wenzao huko Mkoa wa Kati. Mama alikuwa Mbukusu wa Ndalu. Ile pikapu ilikuwa imemzidi Njeri umri, na baba aliipenda kwa upendo ambao hakumwonyesha kiumbe mwingine mwenye magurudumu wala miguu. Mtu alipotaja mlio, jibu lake lilikuwa tayari: gari lenye umri ni kama mzee, lazima ligune likiinuka. Siku moja tulipokuwa sokoni Kitale, fundi aliingia chini yake akaitikisa propela, yaani kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari kikipeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma. Akatoka akijipangusa mikono kwenye suruali. "Mzee, hii senta beringi inayoshika propela katikati imeisha," alisema. "Mpira wake umepasuka, propela inacheza tu hapo. Usiende nayo mbali." Baba alimshukuru vizuri sana, akaahidi kurudi tukishamaliza kuvuna. Kwetu kila kitu kiliahidiwa baada ya kuvuna: harusi, viatu vya shule, hata ugomvi wa mipaka. Hakuna aliyeona ajabu kwamba beringi nayo iliambiwa isubiri.

Kisha baba akagundua dawa yake mwenyewe. Alibeba magunia ya mahindi kupeleka ghalani, gari likakaa chini upande wa nyuma, na ule mlio ukakoma. Alirudi nyumbani amefurahi kama aliyevumbua moto. "Kumbe lilikuwa na njaa tu!" alisema. Tangu siku hiyo hakusafiri bila magunia nyuma. Tulienda kanisani na mahindi, tukaenda matangani na mahindi, na majirani wakaanza kumtania kwamba anaogopa kuibiwa shamba akiliacha nyumbani. Nilipokuwa mkubwa nilikuja kuelezwa kwamba uzito ule ulibadilisha tu jinsi chuma kilivyolala, kikaacha kwa muda kukwaruza mahali palipouma. Kidonda kilikuwa palepale, kikiendelea kuliwa. Kilichokoma ni kilio. Lakini wakati ule niliamini, na nilijivunia kuwa na baba anayeweza kutibu gari kwa mahindi. Mama peke yake ndiye aliyekataa kuamini. "Baba Njeri, gari haliponi kwa kulishwa," alimwambia. Baba akamjibu, "Si limenyamaza?"

Sasa ni lazima nieleze habari ya Kukhu, ndivyo Wabukusu wamwitavyo bibi. Kukhu alikuwa mama yake mama, na kwa mila za kwao mkwe na mama mkwe hawagusani, hawakai karibu, hawatazamani usoni wala hawasemezani ana kwa ana. Wakwe wengine wa pale nyumbani kwa Kukhu, Wabukusu wa kuzaliwa, walikuwa wameanza kuilegeza mila hiyo. Baba aliishika kuliko wote. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yeye alijua kwamba macho ya ukoo mzima yalikuwa kwenye kamba yake. Kukhu alipopita njiani, baba aliingia migombani. Mimi, kwa kuwa binti wa pili, nilipewa jina la mama yake mama, Nekesa, kama Wakikuyu wafanyavyo. Lakini baba hakuweza kulitamka jina la mkwewe, kwa hiyo maisha yangu yote ameniita Mami, yaani mama. Na kwa kuwa nilikuwa na jina la mmoja na damu ya mwingine, walinituma mimi kupeleka maneno yao, hata walipokuwa karibu kiasi cha kusikiana wakipumua.

Mwaka ule Kukhu alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Shangazi yake mama aliyekaa Kanduyi alikuwa amemtafutia nafasi hospitalini Bungoma, na baba alijitolea kumpeleka. Aliona fahari kubwa. Tulimwacha Njeri nyumbani, tukaenda Ndalu Jumapili na magunia yetu nyuma, gari likiwa kimya kama lililookoka. Hatukuwa tumeshuka vizuri kabla ya mjomba na vijana wa boma kulizunguka, wakapiga vigelegele, wakaanza kushusha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani anakwenda ukweni na magunia ya mahindi kisha arudi nayo? Mjomba alimpigia baba makofi begani. "Bana, mkwe umeleta chakura ya kweri!" Baba angesema nini? Kwamba ile haikuwa zawadi, ilikuwa dawa ya gari? Alicheka pamoja nao, akashika pembe ya gunia la mwisho, akawasaidia kulipeleka ghalani. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni akimtazama, na ndipo nilipoanza kuogopa, kwa maana niliona kuwa mama anaogopa.

Jioni baba alisogeza gari, likiwa tupu, ili kuliweka nyuma ya nyumba. Mlio ulirudi na wenzake. Kukhu alikuwa amekaa kwenye kigoda akiwa ameupa uwanja mgongo, kama ilivyotakiwa. Macho yake yalikuwa yamefifia lakini masikio hayakuwa na mtoto. Akaniita. "Nekesa, ambia baba yako gali yake inaria vibaya." Nilikwenda nikamwambia baba, ingawa alikuwa amesikia. Akatabasamu. "Mwambie Kukhu ni uzee tu." Nikarudi. Kukhu akafikiri kidogo. "Mwambie hata mimi ni mzee, na nikiria, nina kitu." Hilo nalo nilimfikishia, neno kwa neno. Baba aliangalia ardhi, akasema nimwambie Kukhu asante.

Mjomba alishauri waingie chini ya gari wakatazame, akisema kamba au waya ungeweza kusaidia mpaka Bungoma. Baba alikataa katakata. Mkwe alale chali katika uwanja wa mama mkwe, miguu imetoka nje, shati limepanda tumboni? Afadhali afe. Mjomba akasema basi walisukume hadi barabarani, walale chali huko wote wawili. Baba akasema giza linaingia. Mama akaomba kwa sauti ya chini kwamba waazime gari la jirani kwa safari ya kesho. Hapo baba aliudhika, na nilimsikia akisema kwa Kiswahili kigumu, kile anachotumia akiwa ameumia, "Mama Njeri, wataniona mkwe wa namna gani? Nimekuja na gari, halafu mama yako apelekwe na gari la watu?" Shuleni tulikuwa tukiimba habari za ufa na ukuta, lakini methali za shuleni huishia kwenye mtihani.

Asubuhi Kukhu hakuweza kuketi mbele, kwa kuwa pikapu ilikuwa na kiti kimoja kirefu na baba ndiye dereva. Walimtandikia godoro nyuma, mama akapanda akakaa naye akimkumbatia, blanketi limewafunika mabegani. Mimi nilikaa mbele na baba. Nakumbuka ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba na mabua yalikuwa yamesimamishwa mafungumafungu. Nakumbuka pia kwamba baba aliimba wimbo wa kanisani kwa nguvu kuliko alivyowahi kuimba kanisani. Tulipopita Naitiri mlio ulibadilika. Hakukuwa tena na kusaga. Kulikuwa na kugonga, mara moja moja, kisha mara nyingi. "Baba, inagonga," nilisema. Akaniambia, bila kunitazama, "Tukifika Bungoma, Mami." Akaendelea na ubeti uliofuata.

Mbele yetu kulikuwa na mteremko unaoshuka kwenye kijito. Tulikuwa tumeanza kuuteremka pale kitu kilipopiga sakafu kwa nguvu kama nyundo ya fundi chuma, na bati chini ya miguu yangu likainuka. Propela ilikuwa imekatika pale katikati. Ilizunguka ikipigapiga kila kitu kilichokuwa karibu, na kabla ya kuanguka ilikata paipu ya breki. Baba alikanyaga, mguu ukazama kama kwenye tope. Alibadilisha gia, injini ikanguruma bure, kwa maana haikuwa imeshikana tena na magurudumu. Akavuta breki ya mkono, nayo ikaja yote mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona baba akikosa la kufanya, na sura yake ile nilitamani nisingeiona. Akaupinda usukani kuelekea kwenye ukingo wa udongo. Gari likaparuza, likapanda, likalala ubavu mtaroni.

Mimi nilipasuka mdomo tu. Nilipotambaa kutoka, mama alikuwa amekaa kwenye nyasi ameshika mkono wake uliovunjika, na mbele yake Kukhu alikuwa amelala mguu ukiwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Hakulia. Alikuwa akiita jina langu na la mama kwa zamu. Baba alitoka, akamkimbilia, kisha akasimama. Alisimama pale ameinua mikono kidogo, hatua chache kutoka kwake, na hakuweza kusogea. Nilidhani ameumia. Mama ndiye aliyeelewa, na alipiga kelele ambayo mpaka leo naisikia. "Mbebe! Si unaona mkono wangu? Mbebe!" Baba akapiga magoti, akampitisha mikono chini, akamwinua. Kukhu alivuta leso akajifunika uso. Baba alimpandisha hivyo mteremko wote, yeye akilia kwa sauti, bibi akiwa kimya ndani ya leso, hadi barabarani, ambako gari la maziwa lilisimama likatuchukua.

Nyonga ya Kukhu iliyovunjika haikuunga vizuri. Kukhu alipata macho baadaye, kwa mikono ya madaktari walewale wa Bungoma, lakini miguu hakuipata tena. Alipasuliwa jicho ili atazame njia asiyoweza kuipita. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema kuwa mkwe ameshambeba mama mkwe, mpaka umevukwa na hauwezi kurudishwa. Wakachinja mbuzi, wakawaruhusu wasemezane. Sote tulikuwepo. Baba aliletwa mbele ya kiti cha Kukhu, kofia mkononi. Kukhu alimtazama muda mrefu, kwani ndiyo mara ya kwanza kumwona uso wake sawasawa. Tulingoja laana au msamaha. Alisema, "Sasa unanisikia?" Baba akajibu, "Nakusikia, mama," akaanza kulia mbele ya wakwe zake, bila kujificha. Kukhu aliomba chai.

Siku hizi naishi Kanduyi, na barabara ile imetiwa lami. Ninapita ule mteremko nikiwa na watoto wangu, nao hawaoni chochote pale isipokuwa mahindi. Kukhu alishazikwa. Wakwe na mama wakwe wanakumbatiana na kupigiana simu, na sioni kosa, ingawa wakati mwingine nasikia watu wakisemezana kutwa bila yeyote kumsikiliza mwenzake. Gari langu ni kuukuu pia, na likiguna tu nalisimamisha hata kama ni mbele ya askofu. Watu husema nina woga. Ni kweli, ninao.

Baba amezeeka. Ana gari jingine, kimya kama paka, na kila Jumamosi fundi huja kulilalia chini, awe ameitwa na mlio au hakuna mlio. Yeye na mama wanaishi vizuri. Mama humpikia anachopenda, humcheka akisinzia mbele ya runinga, na mwaka jana baba alipougua alikesha naye. Lakini tangu asubuhi ile hajapanda gari analoliendesha baba. Hawakuwahi kukubaliana hivyo, wala sijawasikia wakilizungumza. Kila Jumapili baba huwasha gari, hushuka, huzunguka upande wa pili akafungua mlango. "Twende?" humwuliza. Mama hurekebisha kitambaa chake cha kichwani, akamjibu kwa upole, "Tangulia, Baba Njeri, nakuja." Kisha hutoka hadi langoni kungoja bodaboda.