Nafasi ya Mama Otacília

Sergipe ni jimbo dogo la Brazili. Majirani zao wa Bahia huwatania kwamba mtu akipiga chafya mpaka wa kusini, wa mpaka wa kaskazini humwombea afya. Valdelice aliusikia mzaha huo tangu alipoolewa, na kila mara alicheka na wenzake. Moyoni lakini alijiuliza: kama ni padogo hivyo, mbona mimi sijarudi kwetu?

Kwao kulikuwa Pontal das Almas, kaskazini kabisa, pale mto São Francisco unapoingia baharini. Aderbal alimkuta huko kwenye ngoma za Mtakatifu Yohana za kila Juni, alipokuja kupiga kodiani. Walicheza mpaka vumbi likawafika magotini, na mwezi uliofuata akamchukua kwenda naye Indiaroba, kusini. Huko Valdelice akajifunza kazi ya wanawake wa huko, kuokota mangaba porini. Tunda hilo halina papara. Ukilichuma kabla ya wakati wake linakuachia utomvu vidoleni na utamu huuoni; sharti usubiri lianguke lenyewe.

"Mwaka huu tutakwenda kwenu," Aderbal alikuwa akisema kila Juni. Mara mtoto ana homa, mara mvua imekata barabara, mara kodiani imeitwa harusini. Juni zikapita.

Kisha mto ukazuiwa kwa mabwawa huko juu, nguvu zikauishia, na bahari ikapata mwanya. Ikaanza kuula mchanga wa Pontal. Safu ya kwanza ya nyumba ilipoondoka, Valdelice alimtuma mumewe akamlete mama yake. Mama Otacília alikuja na kuku wawili na machela yake ya kulalia.

"Nimekuja kutembea tu," aliwaambia majirani wa Indiaroba.

Matembezi yale yalimfikisha kaburini. Kila alipomaliza kufagia uwanja, alisimama na ufagio wake akatazama kaskazini, ambako hakukuwa na cha kutazama ila mikorosho ya jirani.

"Mama, kule pamebaki maji matupu," Valdelice alimwambia siku moja.

"Maji nayo ni kwetu."

Alipokufa walimzika hapo hapo Indiaroba. Baadaye Aderbal naye akafuata, watoto wakajitegemea, na Valdelice akabaki na mangaba zake na ile hamu, ambayo sasa ilikuwa ya watu wawili.

Ndipo siku moja Zuleide akapiga simu. Huyu alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta kule Pontal tangu utotoni.

"Delice, bado hujafa?"

"Ningekufa ungeitwa. Nani mwingine ana mdomo wa kulilia matanga kama wako?"

"Basi njoo kabla hujaitwa wewe kunililia mimi. Kuna jambo tunataka kukuuliza, na halisemeki kwenye simu."

"Jambo gani?"

"Nimekwambia halisemeki kwenye simu, nawe waniuliza kwenye simu!"

Valdelice alivaa gauni lake la kanisani akapanda basi la alfajiri. Mji wa Estância ukaja, ukapita. Huko Aracaju, mji mkuu wa jimbo, alibadilisha gari, akanunua karanga za kuchemsha, zile zilizolowa maji ya chumvi, akaziweka mapajani. Gari likashika njia ya kaskazini, katikati ya minazi, halafu mashamba ya mpunga yakafunguka kulia na kushoto, na upepo ulioingia dirishani ukawa na harufu ya mto.

"Brejo Grande, mwisho wa gari!" akaita dereva.

Valdelice hakuinuka. Tangu alipoolewa, wakati barabara ilikuwa matope ya siku mbili, aliiwaza safari hii kama safari ya ng'ambo, na sasa imekwisha kabla ya karanga.

"Mama, unaumwa?" dereva alimuuliza alipoona machozi.

"Nusu siku," alisema. "Mama yangu alikufa kwa hamu ya nusu siku."

 Dereva akamshika mkono, akamteremsha.

Gatini alimkuta Nivaldo, mwenye mashua ya injini, akamwomba ampeleke Pontal kwanza.

"Pontal ipi, bibi? Ile ya zamani imemezwa na maji."

"Hiyo hiyo."

Akampeleka. Mnara wa taa, ambao Valdelice akiwa mtoto aliuona nyuma ya nyumba, ulikuwa umesimama peke yake baharini, umeinama. Nivaldo akazima injini.

"Kanisa lilikuwa hapa chini yetu, nadhani. Au pale. Wazee hubishana."

Valdelice aliingiza mkono majini. Yalikuwa ya vuguvugu. Alingoja moyo umwambie kitu, lakini ulikaa kimya. "Turudi," alisema.

Zuleide alimpokea katika kijiji kipya kwa kelele na kumbatio, akamshika kiuno, wakatembea. Ajabu ni kwamba Valdelice aliijua njia. Watu wa Pontal walipohama walijenga kwa mpangilio ule ule: nyumba ya msuka nyavu, ya mkunga, ya mapacha, ya Zuleide. Kisha pengo, mchanga mtupu uliofagiwa. Halafu nyumba nyingine.

"Hapa mbona hapajajengwa?" aliuliza.

"Hukumbuki nyumba ya nani ilifuata yangu?" Zuleide akamtazama. "Mama Otacília alipoondoka alituambia, 'Niwekeeni nafasi yangu, narudi.' Tukamwekea."

 Walimletea kiti, akaketi katikati ya pengo. Alasiri nzima aliwaona watu wakilikata kwenda kisimani, na kila aliyepita alisema, "Hodi kwa Mama Otacília!" Hata watoto, ambao hawakumjua, walisema hivyo.  Mwishowe Valdelice akaanza kuitika, "Karibu," na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama yake.

Jioni Zuleide alikuja na mjukuu wake Jadson, na mkewe Tainara, mwenye mimba kubwa.

"Sema wewe," Zuleide alimwambia kijana. "Mdomo wa kuoa ulikuwa nao."

"Shikamoo, bibi. Tulitaka kuomba... kama utaturuhusu kujenga hapa." Jadson alitazama chini. "Ukikataa hatununi. Tutaendelea kufagia."

Valdelice alitaka kukataa. Palikuwa pake, mahali pekee duniani palipomngoja, na alikuwa amepaona siku moja tu. Akamtazama Tainara, aliyeegemea ukuta wa Zuleide huku akisugua kiuno.

"Mwanangu, huoni umechoka kusimama?" alisema. "Njoo ukae kwenye kiti." Akainuka, akampisha. "Mjenge. Lakini hodi hiyo msiifute."

"Nani aifute?" Zuleide alisema, kisha akageuka kando kupenga kamasi.

Msimu wa mangaba ulikuwa karibu, Valdelice akarudi kusini kwa gari lile lile. Kesho yake alikwenda kaburini kwa mama yake. Alimsimulia yote: mnara ulioinama, mpangilio wa nyumba, pengo lililofagiwa, mtoto atakayezaliwa pale. Alizungumza mpaka koo likamkauka. Jambo moja tu hakuweza kumwambia, jinsi kwao kulivyo karibu.