Migomba ya Mama Juu ya Dampo

Kwetu, upande wa Meru, boma lisilo na migomba ni banda tu. Ndiyo maana mama alipofariki na ndugu zangu wakauza shamba, mimi sikudai kitu. Nilichimbua machipukizi manne ya mgomba wake, nikayapanda kwenye kiwanja changu huku Olasiti, ninakoishi peke yangu.

La kwanza lilinyauka. Nikaongeza samadi. La pili nalo likanyauka, nikaongeza samadi tena na kushindilia udongo, maana mimi ni mbishi. La tatu lilipokufa, mama mmoja jirani, wa ng'ambo ya barabara, alinitania: "Mgomba changaraweni haupandwi ukamea, mzee." Nikamjibu vibaya, akaacha kunisalimia. Na ndiye pekee aliyekuwa akinisalimia.

Nilianza kuamini kwamba marehemu mama amenikataa. Mwaka wake wa mwisho sikwenda kumwona hata mara moja.

Masika ilipofika, madimbwi ya kiwanjani yakawa yanatoa mapovu kama uji jikoni, na maji yenyewe ni ya baridi. Nikamwita afisa kilimo wa kata. Alikuja binti mdogo, akaniamkia, akachimba kidogo. Zikatoka nailoni na kandambili iliyokatika.

"Hapa palikuwa dampo, mzee. Walifukia taka, wakamwaga udongo juu. Huko chini zinaoza bila hewa, zinatoa gesi ya methani, ileile watu wanayopikia kutoka kwenye mtambo wa samadi. Ikipanda inafukuza hewa kwenye mizizi, mgomba unakosa pumzi. Na moto usiwashe hapa."

"Kwa hiyo si mkono wangu?"

"Si mkono wako. Ila hilo lililobaki lihamishe leoleo."

Nilishukuru mpaka machozi yakanilenga. Kisha nikaumia, kwa sababu sina ardhi nyingine. Ardhi nzuri iliyo karibu ni ya yule mama wa ng'ambo. Nikambebea chipukizi, nikaomba radhi nikiwa nimesimama getini. Alilipokea, akalipanda nyuma ya jiko lake.

Likashika vizuri sana. Juzi mgomba ulikatwa mkungu, akaniletea chane moja ya ndizi kwenye sahani iliyofunikwa, kwa adabu zote anazofanyiwa mgeni, akaaga bila kuketi. Nilizipika. Zilikuwa ndizi zilezile za kwa mama, nikazila peke yangu.