Samaki wa Mawe na Kaye ya Mwalimu

Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo anayetafuta makosa humu atayapata, abaki nayo. Kusoma nilijifunza kwenye magunia na kwenye vibao vya forodha pale Kavimvira. Lakini chini ya maji hakuna mtu wa Uvira wa kunifundisha. Nilizama miaka kumi na moja, mpira wa hewa mdomoni na mashine ikinguruma juu kwenye boti, nikikamata samaki wa mapambo kati ya mawe, kusini ya bandari ya Kalundu. Patron wetu, tajiri mwenye kazi, alikuwa Bujumbura. Aliwatia samaki kwenye mifuko ya plastiki, akawapeleka Ulaya kwa ndege. Watu wa kwetu walicheka. "Samaki asiyeliwa, kazi yake nini?"

Vita vilipoanza kunukia upande wetu, patron alifunga kazi akarudi kwao. Mimi nikabaki na miwani ya kuzamia, wavu mmoja, na kichwa kilichojaa. Nikanunua vioo vya dirisha, nikavibandika kwa silikoni, nikatengeneza akwariumu yangu mwenyewe. Urefu wake kama meza ya watu wanne, kimo mpaka kiunoni ukiwa umekaa. Nililiweka sanduku lile la kioo sebuleni kwangu Kasenga, na maji niliyabeba kwa bidoni kutoka ziwani, kila siku ya pili, kwa mgongo wangu. Sikuwa nacheza. Nilikuwa na mpango: amani ikirudi, hoteli zote na nyumba za wakubwa kuanzia Uvira mpaka Bujumbura zitataka sanduku kama hili, na mtu wa kuwachagulia samaki wanaoweza kukaa pamoja nitakuwa mimi.

Rafiki yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyemshika mwanangu wa kwanza siku ya ubatizo. Aliniita yaya, kama mtu anavyomwita ndugu yake mkubwa, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Siku moja aliangalia kioo kile muda mrefu, akasema, "Yaya, weye ukikufa leo, akili yote hii inakwenda na weye. Acha niiandike." Nikaona ana haki. Kila Jumapili baada ya misa alikuja na kaye yake, daftari la shule lenye ganda la buluu, akakaa kwenye kigoda, mimi nikasema na yeye akaandika. Tuliahidiana kwamba kaye ile ni ya wawili. Mimi kichwa, yeye mkono.

"Kwa nini hauweke ile kubwa, ile ya kinundu?" aliniuliza. "Iko muzuri sana."

"Iko muzuri, ndiyo. Itakula majirani wembamba wote, halafu itabaki peke yake imenuna kama chef de poste, mkubwa wa forodha. Na itakua mpaka ishindwe kugeuka. Sanduku hili si la mkubwa wa namna ile. Andika: hapana."

Aliandika: hapana.

Nilimfundisha kwamba sanduku la ukubwa huu linagawanywa kama kiwanja. Chini kuna mchanga, na pale unaweka wale wadogo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, kila mmoja na ganda lake. Ukimwachia ganda lake, hana neno na mtu. Juu, kwenye maji matupu, unaweka wembamba wanaotembea kwa kundi. Katikati ni mawe, na mawe ni ya wale weusi wenye mkanda wa njano, samaki wa mawe, wazuri kuliko wote na wabaya kuliko wote.

"Hao uweke watatu?" aliuliza.

"Ukiweka watatu, mwenye nguvu atamuua mmoja leo na mwingine kesho. Weka kumi na wanne."

"Kumi na wanne si vita kubwa zaidi?"

"Wakiwa kumi na wanne hajui aanze na nani. Anakimbiza huyu, anamwona yule, anachoka, anakwenda kula."

Mwalimu alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Akaniuliza pia juu ya wale wenye mapezi marefu kama shela ya bibi harusi, wanaotembea polepole kama kwaya ya akina mama. Nilimwambia hao ndio wa kuogopa. Wakizaa, watoto wakubwa wanawasaidia wazazi kulinda wadogo, na wadogo wakikua wanalinda wengine, mpaka familia moja imechukua mtaa mzima na wengine wote wamebanwa kwenye kona. "Andika hapana, hata kama mke wa mwenye nyumba analia."

Nilimfundisha pia kupandisha samaki kutoka chini. Ukimpandisha mbio, hewa iliyo ndani yake inavimba na tumbo linakuwa kama puto. Samaki huyo haoni siku ya pili. Aliandika hayo pia.

Kitu kimoja sikumwambia. Aliuliza, "Na chakula, yaya?" Nikajibu, "Chakula nitakuambia siku ingine."

Sababu ya kumficha ilikuwa aibu. Sisi wa ziwa hili, ndagala, dagaa wetu, ndiyo kila kitu. Mtoto akiota meno, tunasaga ndagala kwenye uji wake. Bata anapewa ndagala, mbwa ndagala, mgonjwa mchuzi wa ndagala. Basi na mimi, mzamiaji mkubwa, nilipojaza sanduku mara ya kwanza nilisaga ndagala kavu nikamwaga ndani. Wa maganda walikula, wakanenepa. Wembamba wa juu walikula. Na wale wa mawe walikula kwa pupa kuliko wote, nikafurahi. Hakuna aliyepigana na mwenzake. Majirani walikuja kuona wakasema hii ni paradiso. Baada ya majuma sita hivi wale wa mawe wakaanza kuvimba tumbo, kujificha, kutoa mavi meupe kama uzi. Walikufa kumi na tisa. Ndipo nikakumbuka jambo nililoliona kwa macho yangu miaka yote: kule chini samaki wale wanashinda wakikwangua majani ya kijani juu ya mawe. Nyama inawaozea ndani. Niliwazika nyuma ya jiko mke wangu akiwa sokoni, nikamwambia nimewarudisha ziwani.

Hivyo nilijua kwamba kukaa pamoja si kutopigana tu. Ni kuweza kula sahani moja. Tangu siku ile niliwapa wote lengalenga, mchicha wa kwetu, lililokaushwa na kusagwa, pamoja na uduvi wa ziwani, kidogo tu, na mawe niliyaanika juani ndani ya beseni la maji mpaka yaote ukijani. Nilifanya hayo asubuhi mwalimu asipokuwepo. Nikimwambia chakula, ningelazimika kumwambia na habari ya wale kumi na tisa, na mtu aliyeniita yaya sikutaka ajue.

Kisha vita vikafika. Tulisikia milio kutoka bonde la Ruzizi, siku mbili, halafu karibu. Mama mkwe wangu alikuwa hawezi kutembea, ikabidi tumbebe mpaka ufukweni, tupande boti la kwenda Baraka. Mwalimu alisimama mlangoni kwangu.

"Weye hauendi?" nilimuuliza.

"Minye sikimbie. Nitabaki na shule. Nipe ufunguo, nitalinda samaki yako."

"Maji kila siku ya pili, mwalimu."

"Yaya, minye nimeandika kaye nzima. Unanifundisha tena maji?"

Nilimpa ufunguo. Neno la chakula sikulisema hata siku ile. Tulikaa Baraka miezi mitatu, na hata siku za njaa niliwaza kioo changu, nikajiambia: yupo mtu.

Niliporudi, mlango ulikuwa umevunjwa, viti vimekwenda, sufuria zimekwenda. Sanduku lilikuwepo. Nani aibe sanduku la kioo lenye harufu? Maji yalikuwa yameisha, yamebaki matope ya kijani kwenye kona, na samaki wamekaukia juu ya mchanga, kila mmoja mahali pake. Wa maganda walikuwa ndani ya maganda yao. Nilimwita jirani yangu, mama anayeuza makaa.

"Mwalimu alienda lini?"

"Siku ya tatu, baba. Nyinyi hamukufika hata mbali."

"Walimfukuza?"

"Nani amufukuze? Alivuka na batu ya kwanza. Alifunga mulango vizuri na ufunguo. Kitabu yake ya buluu aliishika kwa kifua kama mutoto."

Nisieleweke vibaya. Kukimbia simlaumu. Hata mimi nilikimbia. Lakini barabara ya mpakani inapita kando ya ziwa. Ndoo moja na safari tatu, angewamwaga wote majini wakaenda zao. Alikuwa na nafasi ya kubeba kitu kimoja, akachagua karatasi.

Habari zake nilizipata Kavimvira, kwa mbadilisha pesa aliyenijua tangu siku za patron. "Mzee, rafiki yako amekuwa mukubwa. Iko kwa hoteli moja Bujumbura. Wanamuita fundi wa samaki." Alicheka. "Nilifikiri fundi ni weye."

Nilivaa shati langu la misa nikavuka.

Hoteli ilikuwa na ukumbi wa marumaru, na ukutani kulikuwa na sanduku la kioo. Nilisimama. Lilikuwa langu. Sisemi kioo, kioo kilikuwa chao. Nasema mchanga mbele, mawe yamepangwa kwa ngazi kuegemea nyuma, maganda kona ya kushoto, wembamba juu, na kwenye mawe weusi wenye mkanda wa njano. Nikahesabu. Kumi na wanne. Hakuna mwenye kinundu, hakuna mwenye shela. Alikuwa mwanafunzi mzuri, simnyimi hilo.

Alitoka ndani na mwenye hoteli, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Mwalimu aliponiona alisimama kidogo. Nilingoja aseme yaya.

"Huyu ni nani?" mwenye hoteli aliuliza.

"Ni muzamiaji," alisema. "Muzamiaji mumoja wa zamani wa Uvira. Alikuwa ananisaidia."

Nimepigwa na askari maishani mwangu. Nimeibiwa nyumba. Neno lile lilinikuta mahali ambapo fimbo haikufika.

Mwenye hoteli akafurahi. "Muzamiaji! Basi njoo, uone. Hizi nyeusi ziko zinavimba. Tatu zimejificha, hazitoki. Fundi anasema ni nyinyi wazamiaji munazipandisha mbio."

Nilimtazama mwalimu. Alitazama samaki.

"Samaki hawa wako hapa tangu lini?" nikauliza.

"Miezi miwili."

"Aliyepandishwa mbio anakufa kesho yake. Haishi miezi miwili."

Mwenye hoteli akageuka polepole. "Kumbe. Basi ni nini?"

Nilikuwa nimeshakiona. Pembeni ya kioo, juu ya kimeza, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake ndagala iliyosagwa vizuri kabisa, kama ya mtoto anayeota meno. Neno moja tu. Ningelisema, samaki wangepona, na pengine mwenye hoteli angejua pale pale nani ni fundi na nani ni mkono. Nikafungua mdomo. Na mwalimu, bila kuniangalia usoni, akatoa kaye ya buluu kwenye mfuko, akafungua ukurasa mweupe, akashika kalamu. Alikuwa tayari kuandika.

"Sema, yaya," aliniambia kwa sauti ndogo, ndiyo mara ya kwanza siku ile kuniita hivyo.

Nikafunga mdomo.

"Muulize fundi wako," nilimwambia mwenye hoteli. Nikatoka.

Mwalimu alinifuata mpaka kwenye ngazi. "Yaya, niko na batoto hapa. Hizi samaki zikikufa, huyu atanifukuza. Niambie tu."

"Weye uliandika kaye nzima," nikasema. "Nikufundishe tena?"

Walikufa wote kumi na wanne. Mbadilisha pesa ndiye aliyeniambia, na kwamba fundi ameondolewa, na kwamba pale kwenye samaki sasa wanapanga chupa za pombe. Nilitaka kufurahi. Nilikaa sebuleni nikaangalia kioo changu kikavu, na furaha haikuja. Samaki wale hawakunikosea neno. Walikuwa wamefanya kila nilichosema: wamekaa kumi na wanne, hawajauana. Yeye aliwaacha wangu wakauke kwa sababu alikuwa na haraka. Mimi niliwaacha wake wavimbe, na sikuwa na haraka yoyote, nilikuwa nimevaa shati safi na muda ulikuwa wangu.

Mwalimu alirudi Uvira baada ya miaka, vita vya pili vilipokuja na kutulia. Yuko hai, anatembea na fimbo. Kanisani tunasalimiana, kwake siingii. Mwaka jana, tukitoka misa, alinisimamisha uwanjani mbele ya watu.

"Yaya, tumezeeka. Zile samaki zilikufa na nini?"

"Siku ingine," nilimwambia.

Sasa nimekaa na daftari langu mwenyewe, la ganda jekundu, na mkono unauma kwa sababu haukuzoea. Mwandiko ni wangu. Nimeandika wale kumi na tisa niliowazika nyuma ya jiko, ambao hata mke wangu hakujua kwamba walikufa, mpaka naye anazikwa. Kilichobaki ni kuujaza ule ukurasa mweupe wa kaye ya buluu. Mwalimu anasoma kila kitu kinachoandikwa mji huu, ataufikia tu, na akiufikia asije kwangu kunishukuru.

Samaki wa mawe usimpe ndagala. Mpe majani. Na usimweke na mtu ambaye hawezi kula majani pamoja naye, hata kama hawapigani, hata kama majirani wanakuja kuona na kusema ni paradiso.