Kidonge na Kipande cha Pemba

Nimeuza pemba sokoni Nyarugusu miaka mingi, ule udongo mkavu wanaotafuna wajawazito. Wangu ulikuwa mzuri, hilo silifichi. Hata wa Kahama walikuwa wananiagizia, na udongo kwao upo, ila wale wanajua mchele zaidi. Basi.

Mke wa mwanangu wa mwisho alipopata mimba, kliniki wakampa vidonge vya kuongeza damu. Vikawa vinamtibua. Mimi niliyeishia darasa la pili nikajifanya daktari: kila akimeza kidonge, nampa kipande cha pemba akate kichefuchefu. Na kikakata kweli! Nikajiona.

Mimba ilipofika mwezi wa saba akawa anahema akitoka tu bombani kuchota maji. Viganja vyeupe. Nikampeleka kliniki.

Nesi akamvuta kope, akanigeukia.

"Shikamoo bibi. Huyu vidonge anameza?"

"Marahaba. Anameza, namsimamia mwenyewe."

"Na huu ulimi wenye vumbi?"

Mkwe wangu akainamisha kichwa. Nikasema, "Ni pemba. Ya kwangu hiyo, safi, naichagua kwa mkono."

"Bibi, udongo unakishika kidonge tumboni, damu haipati kitu. Na damu yake iko chini sana. Akijifungua hivi akavuja, tunaweza kumpoteza."

Sikubishana, na mimi ni mtu wa kubishana, muulize yeyote. Nilipofika nyumbani nikamwaga gunia zima kwenye shimo la choo. Kuanzia hapo kidonge kikawa kinamezwa kwa maji matupu, na chakula ni dagaa, maharage, matembele. Akawa analia.

"Mayu, mama yangu, kidogo tu!"

"Lia, mwanangu. Hapa udongo hakuna."

Siku ya kujifungua alivuja damu hasa. Nilikuwa kwenye benchi nje, siwezi hata kuomba. Nesi yule yule akatoka.

"Imesimama, bibi. Wote wazima. Ingekuwa ile damu aliyokuja nayo siku ile ulipomleta, asingehimili."

Wanawake walipokuja kumwona mtoto wakanisifu sana, eti mama mkwe anayejua kutunza. Nikawaeleza yote, kwamba nusura nimuue kwa mkono wangu. Wifi yangu akanifinya paja.

"Mambo hayo hayasemwi mbele ya wageni!"

"Yatasemwa hapa hapa," nikamwambia. "Wateja wangu wote wamekaa humu."