Kipande cha Maktaba

Maktaba ya chuo chetu ilikuwa na moto. Moto wa kuni kabisa, ukutani, kati ya rafu za vitabu na rafu za magazeti ya zamani, kwa sababu jengo lile lilikuwa nyumba ya kuishi kabla halijawa maktaba, na waliolijenga waliijua baridi ya Mufindi, huko Iringa. Mkaguzi yeyote mwenye akili timamu angeupiga marufuku siku hiyohiyo. Mzee wa maktaba yeye aliweka wavu wa chuma mbele ya moto, akaweka ndoo ya mchanga pembeni, na maisha yakaendelea miaka mingi bila kitabu hata kimoja kuungua.

Sasa nipo Mbeya, nimerudi nyumbani, nafanya kazi kwenye ofisi yenye vioo ambako kila mtu ana kona yake na hakuna anayejua mwenzake amekula nini. Nikikumbuka Iringa, sikumbuki mshahara wala cheo. Nakumbuka harufu ya mabanzi ya msonobari yakiungua, na soksi za wakufunzi wazima zimenyooshwa kuelekea motoni bila aibu.

Nilifika pale mwezi wa saba, nikiwa na cheti changu cha mitandao ya kompyuta na koti moja nililoliona zito. Mbeya nako kuna baridi, na sisi tuna tabia ya kuwacheka wageni wanaoanza kutetemeka wakifika tu Uyole. Lakini ule ukungu wa upande wa Igowole, unaoingia hadi ndani ya viatu, ulinitoa jeuri wiki ya kwanza. Nilipoingia maktaba kukagua swichi, kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao, nilikuta watu wamejaa. Wakufunzi walikuwa na kompyuta mapajani, mhasibu mkuu alikuwa kajifunika kitenge juu ya suti, wanafunzi wamebanana kwenye benchi, na mzee anapita katikati yao na birika kubwa la chai.

Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Mnyakyusa wa mtandao? Kaa motoni kwanza. Hiyo mashine haikimbii."

Nikakaa. Swichi niliikagua baada ya chakula cha mchana.

Yule mzee alikuwa amefiwa na mkewe zamani kidogo, na watoto wake walikuwa Dodoma na Dar es Salaam. Alikuwa na nyumba ya watumishi nyuma ya chuo, ila kule alikuwa analala tu. Maisha yake yalikuwa maktaba, na hasa miezi ile ya baridi watu walipojaa kwake. Hakuwa msemaji sana. Alipenda kukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, huku wengine wanabishana mpira na siasa za mishahara, yeye anachochea moto na kutabasamu peke yake. Mtu akiaga anamwambia, "Mbona mapema hivi?" hata kama ni jioni.

Mtandao wetu wakati huo ulikuwa mmoja kwa chuo kizima. Naomba nieleze kidogo, si vigumu. Kila kifaa kwenye mtandao hupewa anwani, namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na sisi tulikuwa na zile zinazoanza na 192.168.1, halafu namba ya mwisho ni kuanzia sifuri mpaka 255. Vifaa vyote vilikuwa kama watu walio chumba kimoja. Kompyuta ikitaka kuipata nyingine inauliza kwa sauti, nani mwenye anwani fulani, na wote wanasikia, hata wasiohusika. Asubuhi, vifaa vyote vikiamka pamoja, yalikuwa makelele matupu na mtandao unatembea kwa magoti. Isitoshe simu ya mwanafunzi aliye bwenini ilikuwa inaiona printa ya uhasibu. Siku moja mtu akachapisha barua ndefu ya mapenzi, ikatokea kwenye meza ya mhasibu mkuu, naye akaisoma yote mpaka mwisho kabla ya kuja kulalamika.

Baada ya barua ile uongozi ukaamua mtandao ugawanywe. Kazi akapewa mkuu wangu wa kitengo, kijana mwenye haraka, anayependa kila kitu kiwe kwenye mstari, na mimi nikawa mkono wake. Tulikuwa mwezi wa kumi na moja. Jua lilikuwa linawaka, moto wa maktaba umezimwa tangu Septemba, mabenchi yamesogezwa ukutani.

Kugawa mtandao ni kazi ya kukata nusu. Anwani 256 unazikata zinakuwa mafungu mawili ya 128. Fungu moja unalikata tena unapata 64, kisha 32, 16, 8. Huwezi kusema nipe kumi au nipe ishirini. Ni nusu, na nusu ya nusu. Tena katika kila kipande anwani ya kwanza ni ya kukitambulisha kipande chenyewe, na ya mwisho ni ya kutangazia wote waliomo. Hizo mbili hapewi mtu. Kwa hiyo kabla hujakata lazima ujue kila ofisi ina vifaa vingapi, na mimi ndiye niliyetumwa kuzunguka kuuliza.

Ofisi nyingine zilinidanganya kwenda juu. Stoo, yenye kompyuta moja na paka, iliomba anwani ishirini. Nilipofika maktaba mzee alikuwa anabandika kwa gundi mgongo wa kitabu.

"Baba, hapa mna vifaa vingapi vya mtandao?"

"Hapa? Hapa nipo mimi na hii printa, basi."

"Na wale wanaokuja wakati wa baridi?"

Akaweka gundi chini. "Hao ni wageni, mwanangu. Sisi kwetu watu waliokaa motoni hatuwahesabu. Ukianza kuhesabu, mtu atajiuliza kama amezidi."

Ningeweza kubisha. Nilikuwa nimeyaona yale mabenchi yamejaa kwa macho yangu. Lakini alichosema kilikuwa kilekile nilicholelewa nacho. Mama yangu kule Mbeya hajawahi kuhesabu watu waliokaa mbele ya chungu chake. Akisikia sauti mlangoni alikuwa anaongeza maji kwenye mchuzi bila hata kugeuka. Mtoto aliyethubutu kusema "tupo tisa" alikula kofi la kichogo. Kumwuliza mzee mara ya pili kungekuwa ni kumlazimisha awahesabu wageni wake mbele yangu, na utovu huo wa adabu sikuwa nao. Nikaandika mbili, ingawa mzee mwenyewe hakutumia kompyuta, nikaenda zangu.

Mkuu wangu akaona mbili, akaipa maktaba kipande cha nane na akajiona karimu. Toa ile ya kwanza na ya mwisho, toa ya ruta, ile mashine inayoviunganisha vipande vyote, toa ya printa, zikabaki nne. Kwa miezi ile ya jua nne zilikuwa nyingi mno. Mtandao ukawa na kasi, printa ya uhasibu ikapumzika na mapenzi ya watu, na sisi wawili tukapongezwa kwenye kikao.

Kisha Juni ikafika. Mzee akarudisha mabenchi, akawasha moto, akachemsha birika lake. Alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka ule, na alikwisha niambia bila kuzunguka: "Hii ndiyo baridi yangu ya mwisho hapa. Nataka nikae na watu vizuri." Watu wakaja na kompyuta zao au simu zao, kama kawaida. Wanne wa kwanza wakapata mtandao. Wa tano simu yake ikabaki inazunguka, inatafuta anwani isiyokuwepo.

Mwanzoni walifanya utani, wakawa wanaamka mapema kuwahiana. Lakini anwani ikishachukuliwa hairudi mara moja. Simu ya mtu aliyeingia kuazima gazeti dakika mbili ilinyakua nafasi na kuondoka nayo mfukoni kutwa nzima. Wakaanza kununiana. Mkufunzi mmoja alimwambia mwanafunzi azime simu yake, mwanafunzi akainuka na hakurudi. Watu wakaanza kununua hita za umeme. Ofisi moja, kisha ya pili, kisha karibu zote. Milango ikafungwa joto lisitoke, na ukipita kwenye varanda husikii mtu.

Mzee hakulalamika. Hilo ndilo lililonitesa. Aliendelea kuchemsha birika lilelile kubwa, na jioni chai iliyobaki akaipeleka kwa walinzi getini. Hakuwa anajua habari za vipande. Yeye aliona watu wameacha kuja tu, na nadhani alifikiri wamemchoka. Siku moja nimeingia kuongeza karatasi kwenye printa, akaniambia bila mimi kuuliza, "Leo wamekuja watatu."

Nilisimama na karatasi mkononi. Yule aliyeninyima hesabu kwa heshima ya wageni, sasa alikuwa anahesabu. Nilisikia uchungu kama vile ni baba yangu mzazi.

Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wangu. Nilimwambia maktaba ipewe kipande kingine, kikubwa, tunazo namba za kutosha tukifungua safu mpya.

"Tunaingia kwenye ruta?" akauliza.

"Lazima."

"Ruta hiyohiyo ya uhasibu?"

"Hiyohiyo."

"Uhasibu wanafunga mwaka wa fedha. Mtandao ukilala nusu siku, wewe utakwenda kuwaeleza? Subiri wamalize."

"Na baridi ikiisha je?"

"Baridi haijawahi kufukuza mtu kazi," akasema, akarudi kwenye kioo cha kompyuta yake. Nilitamani kumwagia chai. Ila alikuwa sahihi, na mtu aliye sahihi huku amekaa mbele ya hita yake mwenyewe anakera kuliko mjinga.

Ikabidi nisubiri, na kila siku niliyosubiri ilikuwa inakatwa kwenye baridi ya mzee. Nikawa naenda maktaba kila nikipata nafasi, ili nami niwe mmoja wa wanaokuja. Tulikaa naye, anaweka viazi mviringo kwenye majivu, tunavimenya moto moto na kuvichovya kwenye chumvi. Alinisimulia jinsi alivyokuwa anaishi kwao na mkewe na watoto na watoto wa ndugu, nyumba isiyofungwa mlango mpaka usiku. Mimi nilimsimulia Mbeya. Tulikuwa tunacheka, lakini wawili mbele ya mabenchi yale yote ilikuwa huzuni, na sote tulijua.

Uhasibu walipofunga vitabu, Julai ilikuwa imekwisha anza. Jumamosi asubuhi mkuu wangu akaja mwenyewe na koti lake refu, tukafungua ruta, tukaipa maktaba kipande cha anwani 64. Ilichukua muda mfupi kiasi kwamba niliona hasira. Alipoona nimenuna akasema, "Haya, sasa watafutie watu," na hiyo ndiyo kauli pekee ya utu niliyoisikia kwake msimu ule.

Kutafuta watu kulikuwa kugumu kuliko kukata anwani. Walikuwa wamezoea. Niliwaandikia kwenye kundi la simu kwamba maktaba mtandao umepona, wakaniwekea vidole gumba na kubaki ofisini. Nikapita mlango kwa mlango, wakaniambia, "Tutakuja." Jumatatu wakaja wawili. Basi Jumanne nikaandika tena, safari hii neno moja tu: viazi. Mhasibu mkuu alikuwa wa kwanza, na kitenge chake. Akafuatiwa na wakufunzi, kisha wanafunzi, kisha yule mwanafunzi aliyeinuka akaondoka. Mkufunzi yule akamsogezea benchi. Watu wa stoo wakaja, bila paka. Hata mkuu wangu akaja, akajidai anapima nguvu ya mtandao, akapima mpaka chai ya pili.

Kwenye saa tisa alasiri chumba kilikuwa kimefurika. Kila simu ilipata anwani yake, na bado zilibaki. Watu walikuwa wanabishana kuhusu hita na bili ya umeme, kila mtu anasema kwa wakati mmoja. Nikamtafuta mzee nione uso wake. Kiti chake cha dirishani kilikuwa kimekaliwa na mtu mwingine, na yeye hakuwemo ndani.

Nilimkuta nje, nyuma ya jengo, amesimama kwenye ukungu na mzigo wa mabanzi kifuani. Sweta lake lilikuwa limeanza kulowa. Alikuwa amesimama chini ya dirisha, uso ameuelekeza ukutani. Nikadhani anaumwa.

"Baba, mbona uko huku kwenye baridi? Njoo ndani, nitamwinua huyo aliyekalia kiti chako."

"Usimwinue," akasema. Akanionyesha kwa kidevu kwamba nisimame karibu naye. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mhasibu, kisha kicheko cha watu wengi, kisha mtu anagombea kiazi.

"Nyumbani kwangu ilikuwa hivi," akasema. "Nikitoka shamba nilikuwa siingii mara moja. Nasimama kwanza hapo nje nawasikiliza."

Nikampokea mabanzi ili mikono yake ipumzike, nikasikiliza naye.