Tela la Msiba na Michirizi Yake

Siku tuliyomzika Restuta mvua ilinyesha tangu asubuhi, na mumewe Ildefonsi hakulia. Watu wa Ihembe hatukosi la kusema, na hilo tulilisema sana, chinichini, vikombe vya chai vikiwa mikononi. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni. Mmoja wao aliposema mwanamume asiyemlilia mkewe ana lake moyoni, nilimwambia anywe chai yake. Ildefonsi namwita shemeji kwa sababu mimi na Restuta tulikuwa tukiitana dada tangu tulipoolewa hapa. Kibanja chao na changu vimepakana, migomba yao inaangukia kwetu na yetu kwao. Sipendi kabisa mtu anayepima machozi ya mwenzake.

Chama chetu cha kuzikana kina tela. Ni tela la boksi, limefungwa pande zote kwa bati jeupe, mlango uko nyuma, na huvutwa na pikapu ya mwanangu Methodius. Ndani tunaweka viti, maturubai na masufuria makubwa. Mwanachama akifia hospitali, vitu vinashushwa na tela linakwenda kumleta nyumbani. Mtunzaji wake ni Ildefonsi. Hakuchaguliwa kwa ufundi wowote, maskini. Nyumba yake iko jirani na uwanja wa kanisa letu la kigango, na tela hulala hapo uwanjani chini ya mparachichi.

Tela hilo lilikuwa na michirizi myeusi. Ilianzia kwenye ukingo wa paa na kushuka ukutani mpaka chini, pande zote, na sisi tulikuwa tumeizoea kama mtu anavyozoea kovu la jirani yake. Lakini siku ile ya Restuta, wanaume walipofungua mlango na kuanza kuvuta jeneza, maji yaliyotoka juu ya paa yaliteremka meusi na kudondokea kitambaa cheupe kilicholifunika. Ildefonsi alitoa leso akafuta. Weusi ukasambaa. Akafuta tena, ukasambaa zaidi, mpaka Mukabera, mwenyekiti wetu, alipomshika mkono taratibu na kumvuta pembeni. Ndicho kitu pekee nilichomwona akifanya kwa hiari yake siku hiyo. Mengine yote aliambiwa kaa akakaa, aliambiwa tupa udongo akatupa.

Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao, na Ildefonsi akaanza kwenda kwenye tela. Kila mvua ikikatika, yuko pale na ndoo yake, kitambaa na kopo la majivu. Majivu yale nayajua. Restuta ndiye aliyekuwa akisugua masufuria ya chama baada ya kila msiba: alikausha maganda ya ndizi, akayachoma, akachekecha jivu mpaka likawa laini kama unga, na masufuria yakimtoka mikononi unaweza kujitazama humo. Mumewe alikuwa amemwona akifanya hivyo miaka yote, basi naye akasugua tela vivyo hivyo. Likang'aa. Mvua ilipokuja, michirizi ikarudi mahali pake, tena myeusi kuliko ya kwanza. Naye akarudi na kopo lake.

Kahawa yake ilikuwa imeiva na kuanza kukaukia mtini. Nilimpelekea ndizi na maharage, akaniambia, "Nimeshakula, shemeji," na jirani gani asiyejua jiko lisilowashwa? Niliweka sahani mezani, na kesho yake niliikuta palepale. Siku moja uvumilivu uliniishia nikamfuata uwanjani.

"Shemeji, hebu niambie, unaendeleaje?"

"Niko salama."

"Salama ya namna gani hiyo? Umebaki mifupa."

Aliendelea kusugua. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa jivu.

"Sisikii kitu," akasema. "Si uchungu, si njaa. Nikilala nalala, nikiamka naamka. Hapa jivu linapowasha mikono, hapo nasikia kidogo."

"Sasa si uache?"

"Sitaki mtu mwingine aletwe nyumbani kwake namna ile," akasema. "Hilo tu. Hili likitakata, basi."

Nilikwenda kwa Mukabera nikamweleza. Mukabera ni mtu wa maamuzi ya haraka. Alisema tela lipelekwe Murongo, mpakani, kwa Sibomana, fundi anayeosha na kutengeneza maboksi ya malori yanaposubiri kuvuka kwenda Uganda. Akasema pia niende na Ildefonsi na Methodius, kwa sababu mtu asiyekula haachwi na vijana tu. Methodius alicheka kusikia anaitwa kijana, maana ana mvi.

Tulipofika Murongo, bodaboda zilituzunguka zikidhani tuna mzigo wa kuvusha, na Ildefonsi akazitazama tu kama kuku wa jirani. Sibomana alitusalimu vizuri, "Shikamooni wazee wangu," akalizunguka tela. Hakugusa michirizi. Alipitisha kiganja mahali palipokuwa peupe, akakigeuza kutuonyesha. Kilikuwa na unga mweupe.

"Hii ni rangi inayotoka," akasema. "Mzee, unasugua na nini hapa?"

Ildefonsi akamwonyesha kopo.

"Jivu ni la sufuria. Sufuria haina rangi ya kupoteza. Hapa umekwangua ule utelezi wa juu, sasa uchafu ukishuka unapata pa kushika. Ukisugua unaupanulia nafasi." Alisema bila kejeli, na nilimshukuru moyoni kwa hilo. "Halafu weusi wenyewe hautoki ukutani. Panda huku uone."

Ngazi ikaletwa. Ildefonsi akapanda, na mimi, kwa umri wangu huu, nikapanda nyuma yake, maana sikuja Murongo kushika mkoba. Juu ya paa kulikuwa na bustani. Majani ya mparachichi yaliyooza, vumbi la barabara zetu lililoshikana na moshi wa magari, na katikati ya yote hayo, lami. Lami ilikuwa yetu. Mwaka ule maturubai yalipolowa ndani ya tela, tuliomba lami kwa watu wanaojenga barabara, tukaipaka kwenye viungo vyote vya paa, tukapongezana sana. Jua likiwaka lami inalainika, mvua ikija inateremka na vumbi na moshi, jua likirudi inakaukia ukutani. Ildefonsi aliitazama muda mrefu. Hakuonekana kukasirika wala kufurahi.

"Basi tuanzie huku," akasema.

Kazi ilichukua kutwa. Lami ilikwanguliwa kwa ubao uliochongwa, si kwa chuma, ili bati lisichanike. Mabaki yake Sibomana aliyafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, na papo hapo akapaosha kwa sabuni ya maji ili mafuta yasile rangi. Walimaliza paa ndipo wakashuka kwenye kuta, kwa sifongo laini na maji mengi. Viungo vya paa vikapakwa silikoni nyeupe. Kwenye kingo Sibomana alifunga vipande vyembamba vya alumini kama mfereji, na kwenye pembe za mbele akavitolea midomo midogo ili maji yaruke mbali na ukuta badala ya kuulamba. Mwisho wakapaka nta ya magari, wakaisugua mpaka ukuta ukateleza. Ildefonsi alifanya kila alichoambiwa, mikono yake ikijua kazi na uso wake ukiwa haupo.

Sibomana alipokuwa akikusanya takataka aliokota lile kopo la majivu ili alitupe.

"Acha," Ildefonsi akasema.

Lilikuwa neno kali, la kwanza kulisikia kwake tangu msiba. Alilichukua kopo, akalifunika vizuri, akaliweka ndani ya pikapu chini ya kiti. Fundi alinitazama nikatikisa kichwa. Sikuweza kumweleza mgeni kwamba jivu lile lilichekechwa na mtu, na kwamba mtu huyo hatachekecha jingine. Niliumia sana pale, nikajifanya nafunga viatu.

"Mzee," Sibomana akasema tulipokuwa tukiondoka, "paa kwanza, ukuta baadaye. Safari ya vumbi ikiisha, osha paa. Usililaze chini ya mti. Na uliinamishe mbele kidogo, maji yatokee kule, si mlangoni."

"Sawa," Ildefonsi akasema.

Alifuata yote. Alilihamishia tela upande wa pili wa uwanja, akaweka jiwe nyuma ili liinamie mbele, na paa akaliosha bila kukumbushwa. Kisha akafa bibi Nyirabahire, mzee wetu wa upande wa Kiruruma, na tela likaenda kumchukua hospitalini. Njiani mvua ikawashukia. Walipofika na kufungua mlango, maji yalikuwa yakimwagika kwenye pembe za mbele, mbali, na jeneza likatoka na kitambaa chake cheupe vilevile. Nani anasifia kitambaa kisichochafuka? Ildefonsi aliutazama ukingo wa paa, akakitazama kitambaa kikipita, akaenda kusimama na wenzake. Mukabera alinikonyeza kwamba mambo yamekaa sawa. Hata mimi niliamini hivyo.

Ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Nilikuwa nakwenda kisimani nikapita uwanja wa kigango. Ildefonsi alikuwa amesimama mbele ya tela, ndoo mkononi, kitambaa begani. Ukuta ulikuwa mweupe. Alizunguka upande wa pili, akarudi. Akapitisha kiganja kuanzia juu kadiri alivyoweza kufika mpaka chini, akakitazama. Kilikuwa kimelowa tu.

"Waitu shemeji, nenda ukalale," nikambembeleza. "Kazi imekwisha."

"Imekwisha," akasema. Akaiweka ndoo chini. "Sasa mvua ikikatika niwe nakwenda wapi?"

Nilimwambia aje kwangu, chai ipo. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa, ila kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Aliangalia mikono yake. Michubuko ilikuwa imepona.

"Shemeji," akasema, "Restuta amekufa."

Aliniambia kana kwamba mimi ndiye nisiyekuwa na habari.

"Ndiyo," nikasema. "Amekufa."

Akaketi palepale kwenye matope, akalia kwa sauti, na watu wakaanza kutoka majumbani kuuliza nani tena amefariki. Nikaketi naye. Kila aliyekuja nilimwambia ni Restuta.